Mita na Kamera Isiyokuwepo

Mita hawezi kukaa. Ukimpa kiti, anaweka mfuko wake juu ya kiti na yeye anabaki amesimama. Chai anainywa akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta ya duka lake, hatua saba kwenda na saba kurudi. Mkewe anasema hata katika picha yao ya harusi mguu wa kushoto wa bwana harusi una ukungu, kwa sababu mpiga picha alisema "tulieni" na mguu huo haukusikia. Ana miaka arobaini na sita. Aliendesha malori kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo ukamkatalia, na tangu hapo kazi yake ni kuwaonya wanaoendesha.

Duka lake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya muuza betri na mahali pa kuoshea magari. Maji ya jirani hupenya chini ya ukuta, kwa hiyo kila kitu chenye umeme kimeinuliwa juu ya matofali: kompyuta mbili, feni, sanduku la waya. Anachouza ni kifaa cha GPS chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Gari likibakiza mita mia tatu kufika kwenye kamera ya kupima mwendo, kifaa kinalia, kisha kinasema. Hakinusi kamera wala hakiizibi. Hilo lingekuwa kosa la jinai, na Mita hulieleza jambo hilo kabla hujamuuliza. Kifaa kinajua mambo mawili tu: gari liko wapi, na kamera ziko wapi.

Hilo la pili ndilo lenye kazi. Kamera ziko mia mbili na kumi na mbili katika barabara kuu tano, na hazitulii. Nyingine huhamishwa, nyingine hugongwa na lori zikaondolewa, nyingine huota usiku mmoja kama uyoga. Kila Alhamisi saa moja asubuhi Mita huondoka na gari lake dogo na daftari, anapita barabara moja au mbili, anaikagua kila nguzo kwa macho yake. Akikuta mpya husimama, husoma namba za mahali kwenye kifaa, huziandika kwa penseli. Ijumaa anaziingiza kwenye kompyuta. Jumamosi magari yanakuja: anachomeka waya, anasubiri dakika nne huku akizunguka gari, anachomoa. Vifaa vyake ni vya aina ya zamani, havipokei chochote kwa mtandao. Anayetaka orodha mpya lazima aje dukani, au afuatwe aliko.

Sauti iliyo ndani ya vifaa ni ya mkewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Aliirekodi sebuleni Jumapili moja mchana, baada ya kufunga madirisha na kuchomoa friji ili isivume. "Punguza mwendo. Kamera, mita mia tatu." Alirudia mara kumi na nne, kwa sababu mumewe alikuwa akitembea chumbani na ndara zake zilisikika. Madereva walimbatiza mume jina la Mita. Mke, ambaye wengi hawajawahi kumwona, wanamwita Shemeji.

"Leo nimegombana na shemeji njia nzima," dereva mmoja wa basi alilalamika Jumamosi moja, akiwa ameegemea mlango wa duka. "Kila nikikanyaga mafuta, ananikemea."

"Ukamsikiliza?" Mita aliuliza.

"Nisimsikilize nina wazimu? Wa kwangu nyumbani akisema punguza, naongeza. Wa kwako akisema punguza, nakanyaga breki mpaka abiria wanaanza kusali."

"Mlete wa kwako nimrekodi."

"Thubutu! Halafu mimi nikapumzikie wapi?"

Vifaa vya Mita viko katika magari mia tatu na arobaini, mengi yakiwa malori na mabasi ya safari ndefu. Arobaini kati ya hayo ni ya kampuni moja ya mabasi, ambayo karakana yake inasimamiwa na mtu mfupi, mwenye kitambaa cha kufutia mikono kinachoning'inia mfukoni siku zote. Wanamwita Injinia. Hakusomea uinjinia, lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa miaka mitano, kamera moja kati ya zile zilizokuwa kwenye orodha ya Mita haikuwepo duniani.

Katika kazi hii orodha ndiyo mali, na orodha huibwa kirahisi: mtu hununua kifaa kimoja, anafyonza kilichomo, kesho anauza kama cha kwake. Kwa hiyo anayetengeneza orodha hupachika humo kamera moja ya uongo. Wanaiita kamera hewa, kama wale wafanyakazi hewa ambao mshahara wao unatoka kila mwezi na hakuna aliyewahi kuwaona kazini. Ukishuku kwamba fulani anakuibia, unachukua kifaa chake, unakipitisha pale ambapo hapana kitu. Kikilia, umemkamata.

Miaka mitano iliyopita Mita alimshuku fundi mmoja wa upande wa pili wa mji. Alichagua mahali pa kuweka mtego wake kwa uangalifu: barabara ya njia mbili, iliyonyooka, majani kulia, majani kushoto, mtaro wa saruji, nyumba zikiwa mbali kabisa. Kikomo cha mwendo pale kilikuwa kilomita themanini kwa saa. Kamera yake hewa aliiandikia hamsini, kwa sababu kamera ya hamsini ndiyo inayotisha madereva. Baada ya miezi mitatu alinunua kifaa cha yule fundi, akapita nacho pale, nacho kikalia. Kilisema hata kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, maana mwizi hakujisumbua kuirekodi upya. Mita alikwenda kwake, akakiweka kifaa juu ya meza, akaondoka. Yule fundi siku hizi anauza matairi.

Kamera hewa ilibaki. Mita hakuwa na sababu ya kuitoa, na mtego uliowahi kunasa mtu si kitu cha kutupa.

Mwaka huu Injinia aliajiri dereva mpya, mtu wa kuhakikisha mambo. Siku moja saa tatu asubuhi simu ya duka ililia.

"Mita bwana," Injinia alisema, "dereva wangu amesimamisha basi lenye abiria hamsini na wawili. Ameteremka, ameingia majanini kutafuta kamera yako. Unajua amepata nini?"

"Nini?"

"Chupa. Chupa moja na kiatu cha mtoto. Abiria wanampigia kelele, yeye ananipigia mimi. Nimwambie nini?"

Mita alimwambia ni kosa la orodha, litarekebishwa. Kifaa kinacholia pasipo na kitu kina sifa mbaya kuliko kisicholia kabisa: dereva akishalizoea onyo la uongo, hata la kweli linaanza kupita sikio hili na kutokea lile. Ijumaa hiyo aliifuta kamera ya mia mbili na kumi na tatu. Kwa Jumamosi mbili alichomeka na kuchomoa waya, akawafuata Injinia na wenye malori kwenye maegesho yao, na mwishoni magari zaidi ya mia tatu yalikuwa na orodha safi. Alisema mwenyewe kwamba alijisikia kama mtu aliyeng'olewa jino.

Alhamisi iliyofuata tairi lake lilipasuka mara mbili. Barabara ile ya majani alikuwa amezoea kuipita saa tatu asubuhi. Safari hii aliifikia saa kumi na moja jioni, na hakuitambua.

Upande wa kulia kulikuwa na ukuta mrefu wa kiwanda cha nguo. Alijua kipo, kilijengwa miaka mitatu nyuma. Asubuhi ukipita unauona ukuta tu. Sasa geti dogo lilikuwa wazi, na kutoka humo walimiminika watu, wanawake kwa wingi, mikoba begani, nyuzi za rangi zikiwa zimeshika kwenye sketi. Wote walikuwa wakielekea upande wa pili, kwenye njia ya mguu iliyokatiza majani kwenda kwenye nyumba. Basi lilikuja kwa kasi likipiga honi. Wanawake waliokuwa katikati ya lami walikimbia mbele, walioanza kuvuka walirudi nyuma, mmoja alibaki amesimama juu ya mstari mweupe akiwa ameukumbatia mkoba. Basi lilipita, upepo wake ukamfunua kitambaa cha kichwa. Lilikuwa la Injinia.

Mita aliegesha gari kando ya mtaro akateremka. Mlinzi wa geti, mama wa makamo mwenye koti la kijani na filimbi shingoni, alikuwa akiwapigia kelele wafanyakazi wasubiri.

"Dada, hapa kila siku ni hivi?" Mita alimuuliza.

"Wapi! Hivi vimeanza juzi tu, kaka yangu. Hapa palikuwa pazuri. Magari yalikuwa yanafika pale," alionyesha kwa filimbi, "yanapoa yenyewe. Basi, lori, nyuma yao wengine wote foleni. Tunavuka tunapiga hadithi."

"Kwa nini yalikuwa yanapoa?"

"Nani anajua? Wengine wanasema kuna kilima kidogo, jicho halikioni. Wengine wanasema pana kaburi. Mimi nilijua tu yanapoa. Geti letu lilikuwa kule kwenye mzunguko, wafanyakazi ndio walioomba hili lifunguliwe, kwa sababu kule magari hayana adabu na huku yanayo." Alipuliza filimbi, akamvuta msichana mmoja mkono. "Wewe! Unakimbilia wapi, umeacha chungu motoni? Sasa tangu wiki iliyopita yamepata wazimu. Jumanne kioo cha basi kimemgonga mwenzetu hapa begani, bega limevunjika. Mshonaji wa kola. Mkono wa kulia."

Mita alirudi kando ya gari lake. Alisimama pale mpaka mtu wa mwisho akavuka, dakika thelathini na tano, na anasema ndiyo mara pekee maishani mwake ambapo miguu yake ilikataa kwenda.

Nyumbani mkewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Watoto wao, mapacha, wako shule ya bweni, na nyumba ina ukimya ambao Mita huujaza kwa kutembea. Alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni mara nyingi kiasi kwamba mwalimu aliweka kalamu chini.

"Baba Pacha, sema au kaa."

Alisema yote akiwa amesimama. Mke alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mume hakulitarajia.

"Hiyo kamera ilisema kwa sauti ya nani?"

"Ya vifaa."

"Ya vifaa ni ya nani?"

Mita aligeuka akaelekea jikoni.

"Miaka mitano," mwalimu alisema. "Mimi darasani namwondolea mtoto alama akiandika jibu bila njia. Kumbe huku nje nimekuwa nikiwaambia watu pana kitu pasipo na kitu, mara ngapi kwa siku? Magari mia tatu na arobaini."

"Si yote yanapita barabara ile."

"Usinipunguzie hesabu."

"Nirudishe au nisirudishe, Mama Pacha? Hilo tu niambie."

Mwalimu aliinuka. Alikwenda akafunga madirisha, akachomoa friji, akamwambia avue ndara. Alirekodi sentensi mpya: "Punguza mwendo. Watu wanavuka, mita mia tatu." Alisema ni ya kweli, haimpotoshi mtu yeyote, na mwenye akili ataitii.

Ijumaa asubuhi Mita alikuwa karakana kwa Injinia na kompyuta kwapani. Ilimbidi aeleze kila kitu, mtego, mwizi, bega la mshonaji wa kola. Injinia alicheka alipofika kwenye mwizi, akaacha kucheka alipofika kwenye bega. Alifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Kioo cha basi la nani?"

"Mlinzi hakusoma namba."

"Mimi uongo siutaki kwenye mabasi yangu," Injinia alisema. "Dereva akijua moja ni ya kubuni, atajiuliza nyingine zikoje, na faini zikija zinakuja kwangu. Lakini hii ya shemeji ya watu wanavuka, weka. Nani atakataa hiyo?"

Waliiweka katika mabasi yote yaliyokuwepo. Mita hakuridhika; alitaka kitu cha kulinganishia. Mchana alimfuata mwenye malori ya saruji, akamwekea kamera hewa kama ilivyokuwa zamani, bila maelezo. Kisha akarudi karakana akamwambia Injinia, "Twende tukaone."

"Tukaone nini?"

"Saa kumi na moja. Twende."

Walisimama karibu na geti, Injinia akilalamika kuhusu vumbi kwenye viatu vyake. Mlinzi aliombwa awazuie wafanyakazi kwa filimbi mpaka njia iwe tupu, naye alifanya hivyo kwa furaha ya mtu aliyepewa mamlaka. Basi la kwanza la Injinia lilitokea kwa mbali. Taa zake za breki hawakuweza kuziona, lakini mlio wa injini waliusikia, na haukubadilika. Lilipopita, Injinia alisoma namba yake kwa midomo. La pili lilipunguza kidogo, kama mtu anayeinua kofia kwa asiyemfahamu, likaongeza tena. La tatu lilipiga honi kutoka mbali na kuendelea kuipiga mpaka likapita.

Baada yake likaja lori la saruji. Lilianza kupoa mapema sana, likapiga chafya za breki, likafika mbele ya geti likienda kama linabeba mayai. Nyuma yake kulikuwa na magari tisa, na katikati ya barabara mstari usioruhusu kulipita. Mlinzi aliona nafasi ikifunguka mbele ya lori, akaachia filimbi. Wanawake walivuka wakizungumza.

Injinia alipiga simu usiku ule ule kwa dereva wa basi la tatu, mtu anayemwamini kuliko wote, na siku ya pili akamsimulia Mita walivyoongea.

"Nilimuuliza, 'Ulimsikia shemeji?' Akasema, 'Nilimsikia bosi, watu niliwaona, walikuwa pembeni. Nikawapigia honi.' Nikamuuliza, 'Ingekuwa ni kamera je?' Unajua amenijibu nini? 'Bosi, kamera haisikii honi.'"

"Sasa?"

"Sasa rudisha kamera yako. Na mimi sijui chochote. Jana sikuwa pale, nilikuwa nimelala."

Mita alipompelekea mkewe matokeo, mwalimu aliyataka kwa tarakimu. Mabasi matatu yaliyoambiwa ukweli: hakuna hata moja lililopoa. Lori moja lililodanganywa: limepoa, na tisa nyuma yake. Aliichezea kalamu nyekundu.

"Acha sauti yangu iseme kamera," alisema mwishowe. "Lakini kwa muda. Wewe nenda ukawaombe kamera ya kweli, uongo huu uwe na mwisho."

Jumapili Mita alizunguka kwenye maegesho akiirudisha kamera hewa, na Jumatatu alijikuta kwenye ofisi ya usalama wa barabara, ghorofa ya pili, amesimama mbele ya viti sita vitupu. Ofisa aliyepokea barua yake alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma barua, akasoma jina la biashara juu yake, akaisoma tena.

"Wewe ndiye yule wa vifaa. Wa mita mia tatu."

"Ndiyo mimi."

"Unaomba tuweke kamera."

"Ndiyo."

"Nimekaa kiti hiki miaka tisa," ofisa alisema. "Sijawahi kuona panya amekuja kuagiza paka." Lakini aligonga muhuri. Alieleza utaratibu kwa upole: kamera haiwekwi kwa barua, inawekwa kwa vipimo. Wangetandaza mipira miwili myeusi, kama ya kumwagilia bustani, kukatiza barabara kwa siku saba, mchana na usiku, ipime mwendo wa kila gari. Mwendo ukizidi, kamera inawekwa. "Wataanza Jumatatu ijayo," alisema, na kumtazama Mita aliyekuwa tayari anarudi nyuma kuelekea mlangoni. "Bwana, mbona umebadilika rangi?"

Alikuwa ameiona hesabu yote kwa mara moja. Kamera hewa ikibaki kwenye vifaa, magari yatapita juu ya mipira kwa adabu, na ofisi itaona mahali pasipo na tatizo. Akiitoa, magari yatapita yakiwa na wazimu, ofisi itaona, kamera ya kweli itakuja. Kati ya hapo kuna siku saba, na kila siku watu mia sita wanavuka asubuhi na jioni.

Hakuweza kula juma hilo. Wali uliganda kwenye sahani akitembea.

"Ukiitoa kwenye mabasi arobaini ya Injinia tu, inatosha," alimwambia mkewe Ijumaa. "Wastani utapanda. Siku saba tu, Mama Pacha, halafu tumemaliza maisha yetu yote."

"Na wanaovuka?"

"Mlinzi atapuliza filimbi."

"Aliyevunjika bega, siku ile filimbi ilikuwa likizo?"

Mita aliendelea kutembea.

"Baba Pacha, unataka nikuambie mimi, ili likitokea la kutokea liwe langu. Siwezi. Nimeshakupa sauti yangu, nikupe na hili?"

Jumamosi mabasi ya Injinia yalipanga foleni mbele ya mahali pa kuoshea magari, maji ya sabuni yakipita chini ya matairi. Mita alikuwa na orodha mbili kwenye kompyuta, moja yenye kamera mia mbili na kumi na mbili, nyingine moja zaidi. Alichomeka waya kwenye basi la kwanza na kidole chake kikakaa juu ya kitufe muda ambao dereva aliuona, akauliza kama umeme umekatika. Kisha akabonyeza ile yenye moja zaidi. Aliibonyeza mara arobaini, mpaka saa tisa alasiri, na hakuzunguka gari hata moja.

Mipira ilitandazwa Jumatatu. Mita alipita juu yake kila siku. Siku ya nne alitoka nyumbani alfajiri, barabara ikiwa tupu na kiwanda kimefungwa, akapita pale kwa kilomita mia na kumi kwa saa. Aligeuza mbele, akarudi kwa kasi ile ile. Alifanya hivyo mara tisa, mgongo ukimuuma, mpaka gari la maziwa lilipotokea. Jioni alikiri.

"Mara tisa," mkewe alisema. "Kwa siku hupita magari mangapi?"

"Kama elfu tano."

"Mara saba, elfu thelathini na tano. Tisa kati ya elfu thelathini na tano. Umeongeza nini?"

"Najua."

"Umeongeza nini, nakuuliza?"

"Hakuna. Nilikuwa siwezi kukaa."

Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, mwalimu alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, ukurasa mmoja. Wastani wa mwendo katika eneo lililoombewa ni kilomita hamsini na nne kwa saa, chini sana ya kikomo cha themanini. Kati ya maeneo kumi na manane yaliyopimwa mwaka huu, hili ndilo ambalo madereva wanaendesha kwa uangalifu mkubwa kuliko yote. Ombi limekataliwa. Mwombaji anashukuriwa kwa kujali usalama wa wengine.

Kampuni moja ya simu imekwisha kumtafuta Mita mara mbili ikitaka kuinunua orodha yake na kumpumzisha. Mara zote mbili aliuliza jambo moja: kama wataihakiki upya, nguzo kwa nguzo. Walimhakikishia kwa fahari kwamba hilo ndilo la kwanza watakalofanya. Hakuwarudia. Mgongo unamuuma, Alhamisi anatoka saa moja, na barabara ile sasa anaipita jioni.

Siku aliyopata barua alikwenda nayo mpaka getini. Mshonaji wa kola alikuwa amerudi kazini, mkono bado umefungwa, amepewa kazi ya kukata nyuzi. Mlinzi alimwona Mita akamkaribisha kwa filimbi.

"Kaka, magari yamerudiwa na akili! Umeona?"

"Nimeona."

"Hiyo ni barua ya nini?"

Alimpa. Mlinzi aliisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole, na alipofika mwisho uso ulimng'aa.

"Si unaona?" alisema. "Wataalamu wenyewe wamepima. Hapa ni salama kuliko kote. Niazime niwabandikie getini, maana tangu lile bega kuna wengine wanazunguka kule mzunguko, wanaogopa bure."

Mita alisema barua ni ya ofisi, haiwezi kubandikwa. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Lori la saruji lilikuwa linatokea kwa mbali, na alisimama kulisikiliza kama litapunguza.